Bomba Lisilovuja

"Bi Mhuri, hivi hili bomba linaumwa nini?"

Afisa Mtandao alikuwa amepiga magoti mbele ya sinki, kwenye chumba cha kukarabatia vitabu, anapapasa kiungio cha bomba kwa vidole viwili. Akafungua, maji yakatoka. Akafunga, maji yakakoma. Akasubiri tone lidondoke. Halikudondoka.

"Linavuja," Bi Mhuri alisema, macho yakiwa kwenye kitabu kidogo alichokuwa akikipaka gundi mgongoni.

"Linavuja saa ngapi?"

"Linachagua."

"Maana nimeangalia daftari la wageni. Fundi bomba anaingia hapa kila Jumanne tangu mwezi wa pili. Leo tuko mwezi wa kumi. Bomba moja, miezi minane?"

"Bomba la zamani hilo, mwanangu."

Afisa alisimama, akajikung'uta magoti, akamtazama kwa lile jicho la mtu anayeuliza huku jibu analo. Kisha akatabasamu na kutoka zake. Hapo ndipo machale yalipomcheza Bi Mhuri. Angegombezwa angejua la kujibu, lakini tabasamu lile aliliona kama mtego, akabaki ameshika brashi ya gundi hadi gundi ikaanza kukauka.

Alikuwa na miaka ishirini na sita kwenye dawati la kuazimia vitabu. Jina la Bi Mhuri alipewa na wasomaji kwa sababu ya ule mhuri wa tarehe aliokuwa akiugonga kwa nguvu kiasi kwamba waliosinzia chumba cha magazeti walizinduka. Alijua nani anarudisha kitabu kina mafuta ya kupikia, nani anakunja pembe za kurasa, nani anaazima kitabu kwa ajili ya jalada tu. Alijua mengi, na hakusema hata moja. Mtu akija dawatini kumuuliza jirani yake kaazima kitabu gani, Bi Mhuri alimjibu habari za mvua.

Sasa huyu Afisa Mtandao. Aliletwa na makao makuu katikati ya mwaka, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye shahada mbili na chaja tatu, kazi yake kuifanya maktaba ionekane mtandaoni. Ndani ya miezi michache maktaba ikawa na ukurasa wake, na ukurasa ukawa na wafuasi elfu nne.

"Elfu nne!" Bi Mhuri alishangaa. "Viti tunavyo arobaini, na juzi Jumatatu waliingia watu kumi na mmoja, mmoja wao kaja kuomba choo. Hao elfu nne wanamfuata nani? Kwenda wapi?"

"Wanafuatilia habari zetu, mama."

"Na huyu mwenye picha ya gari? Gari nalo linasoma?"

Afisa alicheka. Bi Mhuri hakucheka. Mtu anayekuja kusoma, kwa akili yake yeye, huja na uso wake, akatoa kadi, akasaini. Anayekutazama dirishani bila kuingia huitwa mchunguliaji, na wachunguliaji hata wakiwa elfu nne hawageuki kuwa wasomaji. Ndivyo alivyomwambia mdogo wake nyumbani, na mdogo wake akamjibu, "Dada, wewe ungezaliwa na mhuri mkononi," kisha akaendelea kuchezea simu.

Lakini kilichomtia roho juu hakikuwa ukurasa. Kilikuwa fundi.

Mwezi wa pili bomba lilivuja kweli. Fundi alilimaliza kwa nusu saa. Bi Mhuri akampa karatasi ya kuthibitisha kazi, asaini. Mwanaume yule wa miaka hamsini na nane, mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa, mtu anayesalimiwa barabara nzima, aliichukua karatasi, akaishika juu chini, akaikunjia uso, akajipapasa mfukoni. "Ala! Miwani nimesahau nyumbani."

Bi Mhuri alimtazama puani. Pua ile haikuwahi kubeba miwani hata siku moja. Akamsomea karatasi yote, polepole, naye akasaini, sahihi yenye mikia mingi kama mchoro wa mtu aliyeikariri. Kisha hakuondoka. Akasimama na mfuko wake wa spana.

"Hivi dada, vitabu vya kuanzia mnavyo? Vya... mjukuu wangu."

"Ana umri gani?"

"Ndiyo kwanza anaanza."

Akampa kitabu cha kwanza cha kusoma, kile cha kuku na yai. Wiki ya tatu fundi alifunga mlango wa chumba cha kukarabatia, akavua kofia. "Sina mjukuu."

"Najua, kaka."

"Katibu wa kamati ananiletea karatasi, mimi nasaini. Mwaka wa sita huu. Sijui nimesaini nini. Labda nyumba yangu nimeshaiuza zamani, naishi kwa huruma ya mnunuzi." Wakacheka wote wawili, halafu fundi akaiweka kofia mezani. "Mwisho wa mwaka kuna mkutano mkuu. Safari hii taarifa nataka niisome mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu, ndipo nisaini. Lakini ikijulikana kabla ya siku hiyo, dada, mimi basi. Sirudi hapa, wala kwenye hiyo kamati."

"Haitajulikana kwangu."

Basi bomba likaendelea kuvuja kila Jumanne saa saba mchana, dawati likiwa limefungwa kwa chakula. Fundi alining'iniza spana kwenye bomba ili atakayechungulia aone kazi inaendelea, akaketi mbele ya kitabu, akasogeza ukucha wake mgumu chini ya maneno. Ba be bi bo bu. Jasho lilimtoka kuliko akichimba mtaro wa bomba. Mwezi wa sita alisoma sentensi nzima bila kupumzika katikati, akagonga meza, "Kumbe kuku ndiye aliyeliacha yai! Siku zote hizi mimi nilidhani yai limeibiwa!" Mwezi wa kumi walikuwa wamemaliza cha na sha. Zilibaki zile za kuumiza ulimi, dha na tha na gha. Jumanne ile kitabu kilikuwa kimeachia mgongo kwa kufunguliwa mno, ndiyo maana alikiacha kwa Bi Mhuri kipakwe gundi.

Na kesho yake ndiyo Afisa akapiga magoti mbele ya sinki.

Siku iliyofuata, Alhamisi, ilikuwa zamu ya dawati la kuazimia kurusha picha kwenye ukurasa. Mkuu wa maktaba, mtu mpole anayewaogopa makao makuu kama mtoto anavyoogopa sindano, alikuwa ameagiza kila dawati lirushe picha moja kwa wiki. Bi Mhuri alikwepa wiki mbili kwa kuumwa mgongo, ya tatu akaishiwa magonjwa. Afisa akamfundisha: shika hivi, bonyeza hapa, andika, tuma.

Akawaza awape nini hao wachunguliaji. Akaamua kuwapa kitabu kilichochoka kuliko vyote dawatini, kile kidogo, gundi ikiwa imekauka vizuri. Akakilaza mezani na kadi yake ya azima pembeni, mistari imejaa juu hadi chini, ili waone kwamba hapa watu wanasoma kweli, hawachungulii. Chini akaandika: "Kimeazimwa mara thelathini na nane. Hakijawahi kupata likizo." Akaisoma mara mbili. Moyoni, tuseme ukweli, alijisikia raha. Akabonyeza, akaitia simu kwenye droo, akafunga droo kwa ufunguo.

Ijumaa Afisa Mtandao akaondoka kwenda semina ya wiki mbili. Jioni ile, nyumbani, mdogo wake aliinua kichwa kutoka kwenye simu. "Dada, ukurasa wenu umewaka moto! Watu wanacheka hawana mbavu."

"Wacheke. Wamezoea sarakasi."

"Hutaki hata kuona?"

"Kuona nini? Nimeambiwa nirushe, nimerusha. Kuokota si kazi yangu."

Jumanne saa saba Bi Mhuri alifungua chumba, akaweka kitabu mezani. Saa saba na nusu. Saa nane. Fundi hakuja. Akampigia simu, ikaita hadi ikakata yenyewe. Labda bomba kubwa limepasuka mahali, akajiambia. Jumanne ya pili akakaa tena, kitabu kile kile, kiti kile kile, na safari hii simu haikuita kabisa. Jumatano, alipotoka kula, mlinzi akamkabidhi kitu kilichofungwa kwenye kipande cha gazeti. Ndani yake mlikuwa na kadi ya uanachama ya fundi.

"Kaleta mwenyewe," mlinzi alisema. "Kasema bomba limepona."

Akakaa kwenye kiti cha mlinzi bila kuombwa. Mtu kasema. Mtu kamtangaza. Na nani mwingine? Aliyeuliza habari za bomba ni mmoja. Aliyehesabu Jumanne kwenye daftari ni huyo huyo. Aliyetabasamu ni yeye. Kamwaga sumu Ijumaa, akapanda basi kwenda semina, mikono safi! Bi Mhuri alipanga kila kitu kichwani kama anavyopanga vitabu rafuni, na kila kimoja kilikaa mahali pake sawasawa. Hakikubaki hata kimoja nje.

Ijumaa asubuhi, Afisa alipoingia tu, mkoba bado begani, Bi Mhuri alimfuata hadi ofisini kwa Mkuu.

"Mkuu, mimi leo nasema. Huyu anawachunguza wasomaji. Kuna mtu mzima, baba wa watu, alikuwa anakuja hapa kwa siri yake, na siri yake imeanikwa. Amerudisha kadi! Miaka ishirini na sita sijawahi kurudishiwa kadi na mtu aliye hai."

"Siri gani?" Mkuu aliuliza.

"Nikikuambia haitakuwa siri. Muulize yeye, anaijua."

Afisa aliweka mkoba chini. "Ya bomba?"

"Umesikia, Mkuu? Kakiri!"

"Mama, mwezi wa saba nilipita mlangoni pale saa saba, nikasikia cha che chi cho chu kwa sauti ya mwanaume. Nikarudi kwa vidole vya miguu. Sikumwambia mtu. Siku ile nilikuuliza kwa sababu makao makuu wameona hilo daftari, wanataka kujua fundi wa kila wiki ni wa nini. Nilitaka uniambie tuwajibu nini. Ukaniambia bomba linachagua."

"Basi nani kasema?"

"Sijui. Wiki mbili mimi sijafungua ukurasa. Semina ya mitandao, hotelini mtandao hakuna." Alitoa simu, akafungua, akaanza kusogeza kwa kidole gumba. Kidole kikasimama. Uso wake ukabadilika, na Bi Mhuri, aliyekuwa anausoma uso ule kwa miezi mitano akitafuta hatia, safari hii aliona huruma na akaiogopa zaidi.

"Mama. Hii uliirusha wewe."

Kitabu kidogo. Kadi pembeni yake. Na kwenye kadi, kwa wino wa bluu, mwandiko wa duara ulionyooka hata mtoto angeusoma: tarehe, jina, tarehe, jina. Mistari kumi na saba ya mwisho yote ilikuwa jina moja, la fundi na la baba yake, kila baada ya wiki mbili, tangu mwezi wa pili.

Kanuni ilikuwepo ukutani, nyuma ya dawati, imefifia: kwenye kadi ya azima andika namba ya mwanachama tu. Bi Mhuri hakuwahi kuifuata. Namba ni ya gunia, alikuwa akisema, mtu ana jina. Na kwa kuandika majina miaka yote hiyo, jicho lake lilishaacha kuyaona. Alipoitazama kadi ile aliona mistari imejaa, basi. Aliona kazi yake.

Chini ya picha kulikuwa na maoni mia mbili na kitu. Afisa alitaka kuivuta simu, Bi Mhuri akaishika. "Mwenyekiti wetu yuko darasa la kwanza, tumpe peremende." "Ndiyo maana kila mkutano miwani kasahau!" "Jamani katibu anamsomea kila kitu, ningekuwa mimi ningeshamuuza." Vicheko, nyuso za njano zinazotoa machozi, tena na tena.

"Futa," Bi Mhuri alisema. "Futa, mwanangu. Nisamehe na ufute."

"Nafuta. Lakini watu wameshaichukua, mama. Iko kwenye simu zao."

Mkuu alikohoa, akasema kitu kuhusu barua ya maelezo. Bi Mhuri hakumsikia. Alikuwa ameshafika mlangoni. Mhuri aliuacha dawatini, kifuniko cha wino wazi.

Alimkuta fundi barabara ya nyuma ya shule, ndani ya mtaro wa kina cha kiuno, peke yake, anaunganisha bomba jipya. Jua la saa sita lilikuwa juu ya utosi. Fundi aliona viatu kwanza, kisha akainua uso, kisha akarudi kwenye spana yake.

"Shikamoo mwalimu," alisema, na haikuwa salamu.

"Kaka, ni mimi."

"Nakuona."

"Namaanisha picha. Ni mimi niliyeipiga, nikairusha. Sikuiona. Yaani niliitazama na sikuiona. Nilimsingizia mwenzangu kazini, nikamtukana mbele ya mkubwa wake, kumbe ni mkono wangu."

Fundi alikaza kiungio hadi kikalia. Akajifuta mikono kwenye suruali. "Ilirushwa kwenye kikundi cha kamati siku ile ile. Nikaona watu wananitazama kwenye duka la vifaa, wanabana midomo. Nikatoa simu. Zamani ningempa mtu, nikamwambia miwani nimesahau, nisomee." Akaigeuza spana mkononi. "Nikakaa kwenye ndoo, nikasoma mwenyewe. Jioni mbili. Neno kwa neno, kwa ukucha, kama ulivyonifundisha. Yote. Katika maisha yangu, dada, kitu cha kwanza nilichosoma bila mtu pembeni ndicho hicho."

Bi Mhuri aliketi ukingoni mwa mtaro, kwenye udongo mbichi, na gauni lake la kazini. Machozi yalikuja na hakuyazuia.

"Hivi kwa nini uliandika jina? Wengine wote mahali pengine wanaandika namba."

"Kwa sababu ulinipa jina lako. Niliona ni utovu wa adabu kuliandika namba."

Fundi aliguna. Akatazama barabara huku na huku kama mtu anayeangalia nani anapita, halafu akatoa simu kwenye mfuko wa shati. Kioo kilikuwa na vumbi la saruji. Alikuwa ameihifadhi picha pamoja na maoni yake, ukurasa juu ya ukurasa.

"Nilisoma yote isipokuwa moja. Hili hapa. Maneno marefu, nimeyashindwa. Nimekaa nayo wiki nzima. Wale wengine wote wamenitukana kwa maneno mafupi, sasa huyu aliyehitaji maneno marefu namna hii, sijui kaniita nini."

Bi Mhuri aliinama, akasoma. Jina la mwandishi hakulijua. Maoni yenyewe yalikuwa maneno mawili: *Msimdhihaki. Amethubutu.*

Akafungua mdomo.

"Nyamaza!" Fundi aliinua mkono wenye udongo. "Usiniambie. Ukiniambia ni baya, sitalala. Ukiniambia ni zuri, sitakuamini. Kwako wewe kwa sasa siamini kitu."

"Haki yako."

"Nifundishe hizo nilizokwama tu. Neno nitalimaliza mimi."

Alimsogezea simu ukingoni, akasimama wima ndani ya mtaro, uso wake ukalingana na wa Bi Mhuri. Bi Mhuri aliitanda ncha ya kanga aliyojitupia begani juu ya kioo kama kivuli, jua lisikizime.

"Hii hatukuifikia," alisema, kidole chake chini ya herufi, sauti ile ile ya Jumanne. "Toa ulimi kidogo katikati ya meno. Dhi."

"Zi."

"Dhi. Ulimi uonekane."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na beseni alipunguza mwendo, akawatazama. Fundi alimwona. Masikio yalimshika moto, mkono ukaanza kuifuata simu, ukasimama njiani. Akautoa ulimi katikati ya meno.

"Dhi," alisema.

"Haya. Rudi mwanzo."

Ukucha ulitua chini ya herufi ya kwanza. "M," alisema fundi. "M. Si. Msi..."